Wasomaji Wanauliza: Michoro ya Mkono Kwenye Kuta na Vyombo vya Nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kuchora: ukutani, kwenye vikombe, kwenye vyungu, na mmoja ameshachora tayari na sasa anatafuta namna ya kufuta. Tumechagua zinazowagusa wengi na kufupisha zilizokuwa ndefu.

Shikamooni wahariri. Nataka kuchora ukuta mmoja wa sebule kwa mkono: majani, maua na mistari ya kujizungusha, nyeusi juu ya nyeupe. Ukuta ulipakwa rangi ya maji miaka mitatu iliyopita. Maka peni nimeshanunua. Nianzie wapi?
*Msomaji wa Tanga*

Marahaba. Maka peni ziweke kando kwanza. Kinachoharibu kazi hizi mara nyingi si mkono wa mchoraji, ni ukuta wenyewe. Pitisha kiganja kikavu sehemu tatu nne tofauti. Kikitoka cheupe, hiyo ni rangi iliyochoka au chokaa, na ncha ya kalamu itaukusanya huo unga mpaka izibe. Hata ukifanikiwa kumaliza, mchoro utabanduka pamoja na unga ulioshikilia. Ukuta wa namna hiyo husuguliwa kwa brashi ngumu, hufutwa kwa kitambaa chenye maji, huachwa ukauke, kisha hupakwa praima ya kushika unga kabla ya rangi mpya.

Kiganja kikitoka safi, osha ukuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, suuza, uache siku nzima. Mashimo ya misumari jaza puti. Ikikauka piga msasa namba 120, halafu 220, na huo wa pili usiuruke: ukuta unaokwaruza hunyoa ncha ya kalamu, na mstari ulioanza mwembamba humalizika mnene bila wewe kutaka.

Kwa rangi ya chini sisi tunapendelea silki. Rangi isiyong'aa kabisa hunywa wino na kuutawanya, mstari ukaota vinyweleo pembeni. Ile ya mafuta inayong'aa haishiki vizuri kalamu za maji, na bega la mtu anayepita hufuta ua zima. Silki iko katikati ya hizo mbili. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwenye ukuta laini, kwa hiyo ukuta wa mita 3.5 kwa 2.7, ambao ni mita za mraba 9.45, utakula karibu lita mbili kwa mikono miwili. Nunua kopo la lita 4 hata hivyo. Itakayobaki ndiyo kifutio chako. Ihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, na kila utakapokosea utafunika kosa kwa brashi ndogo. Ukienda kununua kopo jingine baada ya miezi sita, hata kama jina la rangi ni lile lile, nyeupe mbili zinaweza kupishana kidogo tu, na kidogo hicho kwenye ukuta mweupe kinaonekana.

Usichore kesho yake. Rangi ya maji hukauka juu kwa saa moja au mbili, lakini ndani bado ni laini na ncha huichimba. Siku saba zinatosha. Wakati wa jua kali tatu zinaweza kukubalika. Plasta ikiwa mpya, hesabu siku 28 kabla hata ya kufungua kopo, kwa sababu saruji bado inatoa maji na alkali, na alkali hula rangi.

Tukirudi kwenye hizo maka peni. Zile za kawaida zisizofutika zina rangi iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Siku ya kwanza zinapendeza kweli, lakini karibu na dirisha weusi wake hugeuka hudhurungi au zambarau, na siku ukitaka kupaka rangi juu yake utakutana na balaa la msomaji wa Nairobi hapa chini. Kwa mchoro wa kukaa, tafuta kalamu ya rangi ya akriliki, ile ambayo ukiitikisa unasikia kigololi ndani. Hiyo hubeba chembe za rangi zisizoyeyuka, haipauki kirahisi, na ikishakauka ukutani haitoki kwa maji. Nunua ncha mbili: ya milimita 5 kwa mistari mikuu, na ya milimita 1 au 1.5 kwa kujazia. Ulizonazo zitakufaa kuandika majina kwenye makopo ya jikoni.

Mwanangu alichora ukutani kwa maka peni isiyofutika. Nimepaka rangi nyeupe ya maji mara tatu, na kila mara baada ya siku mbili zambarau inarudi. Fundi anasema rangi ni feki. Ni kweli?
*Mama Kijana, Nairobi*

Rangi yako huenda haina kosa lolote. Wino wa ile maka peni unayeyuka, na unapopaka rangi mbichi juu yake unaupa njia ya kupanda. Utapaka mara kumi na utapanda mara kumi.

Loweka pamba kwa spiriti na kuifinya isidondoke. Gusa alama na kuinua, gusa na kuinua, ukibadilisha pamba kila inapochafuka. Ukisugua kwa kuzungusha, unatandaza doa kutoka upana wa kidole hadi upana wa sahani. Fungua madirisha na usiwe na moto karibu, hata wa kiberiti. Kwenye rangi ya maji wino hautatoka wote, na hauhitaji kutoka wote. Ukuta ukikauka, paka andakoti ya mafuta au praima ya shelaki (ile inayoyeyushwa kwa spiriti) juu ya eneo la alama na sentimita 10 kulizunguka. Ngoja saa 24 kama ni ya mafuta. Ya shelaki hukauka mapema zaidi. Ukiona kivuli, ongeza mkono wa pili. Baada ya hapo rangi yako ya maji itakaa, ila piga msasa laini kwanza kwa sababu juu ya andakoti ya mafuta iliyo laini rangi ya maji huteleza.

Mimi ni mpangaji, na mwenye nyumba amesema wazi: ukuta usiguswe, hata msumari. Lakini chumba kimepwaya sana. Nifanyeje?
*Mpangaji, Mbagala*

Chora kitu utakachohama nacho. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala kuta za watu. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta zilizokuwa madukani, na leo watu wanazitunza kazi zile kwenye makumbusho. Hadibodi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2, na mwenye duka la mbao atakukatia kwa msumeno wa mezani ukimpa vipimo kwenye karatasi.

Upande laini ndio wa kuchora. Piga msasa namba 220 mpaka mng'ao wa kiwandani upotee, futa vumbi, paka andakoti upande wa mbele, wa nyuma *na* kingo zote nne. Wengi hupaka mbele tu. Dar es Salaam kuna mvuke mwingi hewani, upande wa nyuma ulio wazi unaunywa, na baada ya wiki chache kibao kimejikunja hakikai tena wima. Ikikauka, paka mikono miwili ya rangi nyeupe, ndipo uchore.

Bila msumari unaweza kuviegemeza juu ya kabati au meza vikipandana, vikubwa nyuma. Au tumia kitambaa cha amerikani: mita mbili na nusu, kikafuliwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni kwa sababu kikitoka dukani kina wanga unaozuia rangi kuingia, kikapigwa pasi, kikachorwa kwa rangi ya vitambaa huku chini yake kuna nailoni. Baada ya saa 24 kipige pasi ya moto upande wa nyuma, dakika tatu hadi tano kila sehemu, bila mvuke. Shona upindo juu, pitisha fimbo ya pazia, na kama fimbo ya pazia la dirisha ni ndefu, kining'inie hapo hapo. Mwenye nyumba hana la kusema.

Napenda sana hii michoro ya kujaza ukuta, lakini sina kipaji. Nikijaribu kwenye daftari inakuwa vurugu tu.
*Msomaji wa Kigoma*

Ukiweza kurudia umbo moja mara mia kwa ukubwa ule ule, kipaji ulichonacho kinatosha. Vurugu unayoiona haitokani na mkono wako, inatokana na kukosa mpango, na mpango mzuri kuliko wote unao kabatini. Tandika kanga. Pindo linazunguka pande zote nne, mji upo katikati, na jina limekaa chini ya mji. Jicho linajua pa kuanzia na pa kupumzikia. Anayechora hina na piko anafanya hivyo hivyo kwenye mkono: shina kwanza, halafu maua makubwa, na vinukta mwisho kabisa. Mafundi wa plasta wa nyumba za kale za Lamu nao walizungushia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mapambo, si kuyatawanya chumba kizima.

Kwa hiyo chagua maumbo matano, si zaidi. Tuseme jani, duara, wimbi, korosho na nukta. Chukua karatasi ya A3 na chora juu yake ukuta wako kwa kipimo cha moja kwa kumi. Ukuta wa mita 3.5 kwa 2.7 unakuwa sentimita 35 kwa 27. Weka pindo la sentimita 2.5 ukingoni, yaani sentimita 25 ukutani. Weka mji mmoja, usiuweke katikati kamili kama kuna kochi au runinga itakayoukata. Halafu acha. Angalau nusu ya ukuta ibaki tupu. Hapa ndipo tunapogombana na wasomaji wengi, lakini tunashikilia msimamo huo.

Tunajua wapo wanaoenda kinyume. Sam Cox wa Uingereza, anayejulikana kwa jina la Mr Doodle, alijaza nyumba yake yote ya Tenterden, Kent, kati ya mwaka 2020 na 2022: kuta, dari, sakafu, jiko, hata shuka. Zilitumika lita 900 za rangi nyeupe ya chini, makopo 401 ya rangi nyeusi ya kupuliza, chupa 286 za rangi ya kuchorea na ncha za kalamu 2,296. Ni kazi ya kushangaza kuitazama. Kulala humo na homa ya malaria ni habari nyingine. Na hata yeye alianza kwa kufanya kila kitu kiwe cheupe kabla ya kugusa nyeusi.

Kuhamisha mpango wako ukutani: gawa karatasi kwa miraba ya sentimita 5, ambayo ukutani ni sentimita 50. Usichore mistari ya miraba ukutani. Weka nukta ndogo za penseli kwenye makutano tu, ukitumia pimamaji na kipande kirefu cha mbao kilichonyooka, maana pembe za vyumba vyetu chache sana zina nyuzi 90 na ukifuata dari utapinda nayo. Chora muhtasari kwa penseli ya HB bila kukandamiza. Penseli laini kama 4B hubaki kama masizi na kalamu ikipita juu yake inageuka kijivu.

Kisha kalamu. Mistari mikubwa yote kwanza, ukuta mzima, kabla ya kujaza hata jani moja. Rudi nyuma mita tatu utazame. Halafu maumbo ya kati. Kujazia kunakuja mwisho, na hapo anayetumia mkono wa kulia aanze juu kushoto, wa kushoto aanze juu kulia, ili mkono usipite juu ya wino mbichi. Mistari miwili ama igusane waziwazi ama iachane angalau sentimita moja. Ile inayokaribiana bila kugusana huonekana kama kosa ukiwa mbali. Ukiona majani ya jioni yamekuwa madogo kuliko ya asubuhi, mkono umechoka. Funga kalamu uendelee kesho.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni ya mawe na chokaa. Tulichora ukuta wa ndani juu ya rangi ya plastiki, na masika moja tu rangi imevimba malengelenge na kutoa unga mweupe wenye chumvi. Kalamu gani inavumilia?
*Msomaji wa Unguja*

Hakuna kalamu itakayovumilia, kwa sababu tatizo linatoka nyuma ya rangi. Kuta za mawe ya matumbawe hunywa maji kutoka chini na kutoka kwa mvua, na zinayatoa kupitia chokaa. Ukizivika rangi ya plastiki umeziba mdomo wake. Maji yanasukuma, chumvi inaganda nyuma ya rangi, na malengelenge ndiyo hayo.

Kabla ya lolote, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, tepu pande zote nne, uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa tu na kufungua madirisha kunaweza kutosha. Kama ni ya ukutani, tafuta kwanza yanakoingia: mfereji wa paa uliovunjika, bomba, au sakafu ya nje iliyopandishwa kwa saruji juu kuliko ya ndani. Hiyo ya mwisho tunaiona mara nyingi kwenye nyumba zilizokarabatiwa haraka.

Kwangua rangi yote ya plastiki. Pangusa chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Uache ukuta upumue msimu mzima wa kiangazi. Halafu rudisha chokaa: iliyozimwa, ikachanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano myembamba, ukilowesha ukuta kidogo kabla ya kila mkono na kuacha siku moja katikati. Ukipaka mzito mmoja ili umalize haraka utapasuka na kudondoka.

Mchoro nao uwe wa chokaa. Chukua unga wa oksaidi unaouzwa kwa ajili ya sakafu, mweusi au mwekundu, ulowekwe kwenye maji usiku kucha ili usiache vipele, kisha uchanganywe na chokaa nzito. Unga usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo hautashika na utatoka kwenye kanzu za wageni. Chora kwa brashi ya nywele laini. Ujue kwamba ikikauka rangi inafifia sana, nyeusi inakuwa kijivu, kwa hiyo jaribu kwanza nyuma ya kabati na ungoje siku mbili kabla ya kuamua. Vaa glovu na miwani. Chokaa jichoni si mchezo: osha kwa maji mengi bila kusita na uende hospitali.

Yote haya ni ya ndani. Ukuta wa nje wa Mji Mkongwe usiuguse kabla ya kuuliza Mamlaka ya Uhifadhi.

Assalaam aleikum. Nimechora vikombe vyeupe vya kauri kwa kalamu za akriliki, niwape wageni kahawa. Nilipoviosha michoro ikatoka yote.
*Dada wa Maskati*

Wa aleikum salaam. Kwenye glezi, lile ganda linalong'aa la kauri, hakuna kitundu cha rangi kuingia, imekaa juu tu, kwa hiyo lazima iokwe. Futa kikombe kwa spiriti kabla ya kuchora, na baada ya hapo usikishike kwa vidole mahali pa kuchora. Mafuta ya ngozi ni adui. Chora, acha ikauke saa 24. Weka kikombe kwenye oveni *ya baridi*, washa hadi nyuzi 160 za Selsiasi, hesabu dakika 45 kuanzia joto hilo lilipofikiwa, zima, na usifungue mpaka ipoe yenyewe. Kikombe baridi kikiingia oveni ya moto hupasuka.

Acha sentimita 3 kutoka ukingoni bila mchoro, na ndani usichore kabisa, kwa kuwa kalamu hizi hazikutengenezwa kugusa mdomo au chakula. Osha kwa mkono na sponji laini. Mashine ya kuoshea vyombo itaitoa rangi hata kama umeoka vizuri. Vikombe vyenye mstari wa dhahabu usivijaribu.

Nataka watoto wawe na ukuta wao wa kuchora ili waache kuta zangu. Nyumba ni ya zamani, ukuta una rangi ya mafuta.
*Baba wa watatu, Kisumu*

Rangi nyeusi ya ubao inafaa, kuanzia usawa wa sakafu hadi mita 1.2. Lakini hiyo rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na hakuna kiwango cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto. Usiisugue kwa msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, ukuta ukiwa umeloa muda wote, watoto wakiwa hawapo, na matope yake yakusanywe kwa kitambaa cha kutupa. Ikiwa inabanduka magamba, bora upigilie hadibodi juu yake na kupaka rangi ya ubao hapo.

Mikono miwili, siku tatu za kukauka. Kisha laza chaki ubavu, sugua ubao wote uwe mweupe, futa. Bila hivyo mchoro wa kwanza watakaochora utabaki kama kivuli daima.

Nilipaka vanishi ya mbao juu ya mchoro ili udumu. Ukuta umekuwa wa njano na mistari mingine imetapakaa.
*Msomaji wa Mwanza*

Njano ni tabia ya vanishi ya mafuta, na itaongezeka kadiri muda unavyokwenda. Kutapakaa ni kwa sababu kimiminika cha vanishi kiliyeyusha wino wa maka peni. Haiondoki, paka andakoti na uanze upya.

Safari nyingine tumia vanishi ya maji isiyong'aa, juu ya kalamu ya akriliki iliyokauka siku tatu. Mikono miwili myembamba kwa rola ya sponji, bila kupita mara nyingi mahali pamoja. Na kama ukuta hauguswi na watu, usipake kitu. Vanishi inafaa kwenye korido, ngazi na nyuma ya viti vya kulia chakula. Ukutani penginepo inakunyima nafasi ya kurekebisha.

Kalamu ya rangi iligoma katikati ya kazi. Nikaibonyeza ukutani, ikatema doa kubwa.
*Msomaji wa Eldoret*

Ibonyeze kwenye karatasi, kamwe si ukutani. Kalamu hizi zina vali: ncha ikisukumwa ndani, rangi inashuka. Ukichora ukutani umeishika imelala, na juu ya kichwa chako inatazama juu kabisa, kwa hiyo rangi inarudi nyuma. Kila baada ya dakika chache igeuze ncha chini, itikise, ibonyeze mara moja kwenye karatasi, endelea. Ncha ikichakaa, nyingi zinachomoka kwa koleo na kugeuzwa, upande wa pili uko mzima. Doa ulilopata usilifute likiwa bichi. Liache likauke, funika kwa rangi ya akiba.

Nimechora vyungu vya udongo vya maua. Baada ya mwezi rangi inanyanyuka kuanzia chini.
*Msomaji wa Arusha*

Maji ya kumwagilia yanapita kwenye udongo na kusukuma rangi kutoka ndani. Kausha chungu juani wiki nzima, paka ndani mikono miwili ya rangi ya kuzuia maji, halafu chora nje. Njia rahisi zaidi ni kupanda ua kwenye kopo la plastiki lenye matundu na kulitumbukiza ndani ya chungu kilichochorwa.

Jiko letu ni la makala, na moshi unapanda ukutani. Ninaweza kuchora hapo?
*Mama wa Goma*

Ukutani hapana, masizi yataingia kwenye kila mstari na sabuni itayasukuma ndani zaidi. Chora nyuma ya kioo. Chukua kioo cha fremu ya picha, kifute kwa spiriti, weka mchoro wako wa karatasi chini yake. Ukumbuke unachora kinyume: vitu vya mbele kabisa, kama vinukta na mishipa ya majani, vinatangulia, majani yenyewe yanafuata, rangi ya nyuma inapakwa mwisho na kufunika yote. Kama kuna maneno, geuza karatasi na uyafuate yakiwa kinyumenyume. Acha kila tabaka likauke saa moja, maana la juu likipakwa mapema huburuta la chini.

Rudisha kioo kwenye fremu, upande uliochorwa ukiwa ndani. Mbele kunabaki kioo kitupu, unafuta masizi kwa maji ya sabuni kila jioni. Kitundike angalau mita moja kutoka kwenye jiko lenye moto, kwa sababu kioo cha fremu ni chembamba na joto la upande mmoja hukipasua.